MAZUNGUMZO YA SAFARI: Rasi ya Tumaini Jema na Taa Iliyowekwa Juu Mno



Mtoto wa shule akiulizwa mwisho wa Afrika upande wa kusini ni wapi, mara nyingi hujibu kwa haraka, "Ni Rasi ya Tumaini Jema." Na mwalimu wake, pengine, humpa alama. Lakini sivyo. Mwisho wa Afrika upande wa kusini ni Rasi ya Agulhas, nayo iko mbali na ile kiasi cha kilometa 150, kusini-mashariki yake. Rasi ya Tumaini Jema ni pembe ya kusini-magharibi tu. Nayaandika haya kwanza, si kwa kuwaaibisha walimu, bali kwa sababu pwani ile yote ni pwani ya watu waliodhani wako mahali fulani, kumbe wako pengine. Wengi walilipa kwa merikebu zao, na wengine kwa roho zao. Mwezi huu nataka kuwachukua huko kwa siku moja, tangu asubuhi hata jioni, twende kwa upande mmoja wa nchi na kurudi kwa upande wa pili.

Mji wa Cape Town umekaa chini ya Mlima Meza. Kutoka mjini nchi inanyoka kuelekea kusini kama kidole, kiasi cha kilometa hamsini hivi, yenye milima mgongoni na bahari pande zote mbili. Ukielekeza uso kusini, bahari kuu ya Atlantiki iko mkono wako wa kuume. Maji yake ni ya baridi ya kuuma mifupa, kwa sababu ya mkondo wa Benguela. Mkono wa kushoto iko ghuba kubwa iitwayo False Bay, maana yake Ghuba ya Uongo, na maji yake yana joto zaidi. Ilipewa jina hilo kwa kuwa mabaharia waliorudi kutoka Bara Hindi walikuwa wakiiona rasi nyingine, Hangklip, wakadhani ndiyo ile waitafutayo. Basi waligeuza tanga kuelekea kaskazini kabla ya wakati, wakajikuta wamefungiwa ndani ya ghuba isiyo yao. Huko mashariki zaidi hupita mkondo wa maji ya moto, na sehemu ya maji yake imekwisha kupita katika mlango wa Msumbiji, karibu na kwetu. Watu husema kwamba mikondo miwili hukutana pale rasini, na wageni husimama wakitafuta mstari baharini. Hakuna mstari. Mahali pa kukutana husogea huku na huku, mara Agulhas, mara karibu na rasi, na macho ya mtu hayawezi kupaona.

Sisi wa pwani twajua kusi na kaskazi, na mwaka wetu twaugawa kwa hizo. Kule nako zipo pepo mbili, lakini mpango wake ni mwingine. Wakati wao wa jua, tangu Oktoba au Novemba hata Machi, yaani wakati kaskazi inapovuma kwetu, huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki. Ukianza waweza kuvuma siku tatu nne pasipo kupumzika. Wenyeji huuita Daktari, maana wasema hufukuza hewa mbaya ya mji. Juu ya Mlima Meza huweka wingu jeupe lililotandikwa kama kitambaa cha meza, likishuka ukingoni na kuyeyuka kabla ya kufika chini. Wakati wa baridi, Juni hata Agosti, huja upepo wa kaskazini-magharibi, wenye mvua na mawimbi makubwa, nao umevunja merikebu nyingi bandarini. Sisi twalikwenda mwezi wa Januari, tukamkuta Daktari yupo nyumbani.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja wa kanisa, seremala wa zamani, mwenye umri wa miaka sabini na zaidi, mwenye motokaa ndogo kuukuu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Twalitoka saa kumi na mbili asubuhi, tukashika njia ya Atlantiki hata Hout Bay, kijiji cha wavuvi kilicho katika ghuba ndogo, na baada ya pale ikaanza barabara ambayo nimeisikia sifa zake tangu zamani.

Barabara hiyo huitwa ya Chapman's Peak. Urefu wake ni kilometa 9, na kona zake, kwa hesabu ya wenyewe, ni 114. Imechongwa ubavuni mwa mlima, bahari iko chini kabisa, na mawe yamening'inia juu ya kichwa. Aliyeshikilia ijengwe alikuwa Sir Frederic de Waal, Msimamizi wa kwanza wa jimbo lile. Kazi ilianza 1915, barabara ikafunguliwa 1922, na wafungwa walitumiwa katika kuivunja ile miamba. Ukitazama ukutani utaona jambo la ajabu: chini ni jiwe gumu la rangi ya kijivu, na juu yake limelala jiwe la mchanga, tabaka juu ya tabaka, jekundu na la manjano. Wachongaji waliifuata mahali pengi ile ile mistari yanapokutana mawe hayo mawili, kama fundi afuataye uzi wa ubao. Jiwe la juu hulegea. Mwaka 2000 liliporomoka, mtu akafa, barabara ikafungwa hata mwishoni mwa 2003. Ilipofunguliwa tena ilikuwa na nyavu za chuma za kuzuia mawe, na ada kwa kila motokaa ipitayo. Hata sasa, mvua au upepo ukizidi, hufungwa. Siku ile ilikuwa wazi. Nalishuka mahali pa kupumzikia magari ili nitazame, na upepo ukanisukuma hata nikashika ukuta kwa mikono miwili. Mzee hakushuka. Alisema, "Mwalimu, nimekwisha kuitazama."

Upande wa pili wa mlima huo kuna ufuo mrefu wa mchanga mweupe, Noordhoek. Ukitembea kwa miguu kiasi cha saa moja hivi utaona mbavu za chuma na tanuri ya mvuke zimesimama mchangani. Hayo ni mabaki ya merikebu Kakapo. Mwaka 1900 ilikuwa mpya, ikipelekwa Australia kutoka Uingereza. Nahodha wake, katika hali mbaya ya hewa, aliuona mlima ule wa Chapman's Peak akadhani ndio rasi yenyewe. Akaamuru usukani ugeuzwe kushoto ili waizunguke Afrika. Merikebu ikaja mbio moja kwa moja, ikapanda pwani ikasimama wima. Husimuliwa ya kuwa mabaharia walishuka karibu pasipo kulowa. Haikuondoka tena. Nahodha yule hakuwa mlevi, wala hakuwa mjinga. Alikuwa ameona mlima wa kweli, naye alijua la kufanya atakapofika kwenye rasi. Kosa lake lilikuwa kilometa thelathini hivi.

Twalipita Kommetjie, penye mnara mweupe wa taa wa Slangkop, mrefu meta 33, wa chuma kitupu. Halafu Mzee akapunguza mwendo, akaonyesha kwa kidole nyumba nyingi ndogo zilizosongamana nyuma ya kilima, akasema, "Pale ndipo ninapokaa. Paitwa Ocean View." Jina hilo maana yake ni Mahali pa Kutazama Bahari. Nalitazama nisiione bahari. Hakuongeza neno, nami nikaona si adabu kuuliza. Habari zake nitazieleza mbele, tutakapofika Simon's Town, maana ndiko zilikoanzia.

Sasa tukaingia katika hifadhi ya rasi. Ilitengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na tangu 1998 imo katika hifadhi kubwa ya taifa ya Mlima Meza. Msidhani mtaona msitu. Miti mirefu haipo, upepo umeikataa. Kuna vichaka vifupi vya majani membamba na magumu, ambavyo kwa lugha ya Kiafrikana huitwa fynbos, na ukipita kwa haraka utasema ni nchi tupu. Lakini wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 1,000 za mimea katika hifadhi hiyo peke yake. Mbegu za nyingine hazioti mpaka moto umepita. Wanyama ni wachache: mbuni, pofu, na swala wengine wa rangi ya zambarau na weupe. Na nyani! Nyani wa huko hushuka ufuoni maji yanapokupwa, hubandua chaza na makome mawe kwa mawe, hula kama wavuvi. Lakini waliozoea kulishwa na wageni wameacha kazi hiyo, hufungua milango ya motokaa na kuiba mkate. Kuwalisha ni marufuku, nao waliolishwa ndio hatimaye hupigwa risasi. Mzee alifunga vioo vyote pasipo kuambiwa.

Katika ufuo wa upande wa Atlantiki, humo hifadhini, yamo pia mabaki ya Thomas T. Tucker, merikebu ya Wamarekani iliyobeba vyombo vya vita 1942. Ilipanda mwamba, na nahodha akapeleka habari kwamba yuko kisiwani Robben, ambacho kiko kaskazini mbali sana. Mwona jinsi pwani ile inavyowafanyia watu.

Basi tukafika rasini penyewe. Pana kibao cha mbao chenye jina, na watu hupanga mstari ili wapigwe picha. Yasiyopigwa picha ni bora. Mawimbi huja kutoka Atlantiki pasipo kizuizi chochote, hupasuka juu ya mawe, na povu hurushwa na upepo kama pamba ya msufi. Harufu ya mwani ni kali. Ndege weusi wa baharini husimama juu ya mwamba wamekunjua mabawa wakiyakausha, wote wameelekea upande mmoja, kama washirika kanisani. Nalijaribu kumwambia Mzee jambo fulani akiwa hatua mbili tu kutoka kwangu, asisikie.

Bartolomeu Dias, Mreno, aliizunguka rasi hii 1488 pasipo kuiona, kwa kuwa tufani ilimpeleka baharini mbali. Aliiona wakati wa kurudi. Husimuliwa ya kwamba yeye aliiita Rasi ya Tufani, na mfalme wake ndiye aliyelibadili jina kuwa Tumaini Jema, kwa sababu sasa njia ya Bara Hindi imeonekana. Huenda mfalme, akikaa Lisbon, ilikuwa rahisi kwake kuona tumaini. Dias mwenyewe alikufa katika tufani karibu na rasi hiyo hiyo mwaka 1500, merikebu yake ikapotea na watu wote. Kabla ya hapo, Novemba 1497, Vasco da Gama alikuwa amepita, na Aprili 1498 akafika Mombasa, kisha Malindi, ambako mfalme wa mji alimpokea kwa wema akampa rubani wa kumfikisha Bara Hindi.

Humo hifadhini imesimama misalaba miwili mikubwa ya kuwakumbuka hao wawili. Nalidhani ni ukumbusho tu. Mzee ndiye aliyenieleza: mabaharia huitumia. Nahodha aliye ndani ya False Bay akiuona msalaba mmoja umesimama sawasawa mbele ya mwenziwe, ajue yuko katika mstari wa Whittle Rock, mwamba mkubwa uliofichwa chini ya maji siku zote. Alama nyingine mbili, huko Simon's Town, huonyesha mstari wa pili. Na mistari hiyo inapokatana ndipo ulipo mwamba. Nalifurahi sana kusikia hayo, nami nimewaeleza watoto wa darasa langu mara mbili, tena kwa kuchora ubaoni.

Lakini msalaba wa Wareno hatuwezi kuuzungumza sisi kama wageni. Malindi, juu ya mawe ya pwani, upo mnara mweupe wenye msalaba wa jiwe, ambao kila msafiri huonyeshwa kuwa ni wa Vasco da Gama. Baada ya wema wa Malindi, haikupita miaka mingi. Mwaka 1502 da Gama alirudi na mizinga akaitoza Kilwa kodi kwa vitisho. Mwaka 1505 Almeida akaiteka Kilwa, akaichoma moto Mombasa. Waliobeba msalaba wa jiwe walibeba na moto katika merikebu ile ile, na majirani zetu Waislamu hawajalisahau jambo hilo, wala hatuna haki ya kuwaambia walisahau. Mwaka 1844 alikuja Mombasa mtu mwingine, Johann Ludwig Krapf, asiye na mzinga. Alikuja na mkewe Rosine; naye Rosine na mtoto wao mchanga wakafa mwaka ule ule, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa. Hakuacha mnara pwani wa kuwaonyesha mabaharia. Aliacha kaburi, na baada ya kaburi akakaa akajifunza lugha yetu neno kwa neno. Kwangu mimi, nikiulizwa msalaba ulifika lini Mombasa, nitajibu 1844.

Tukaenda sasa kwenye taa. Kutoka Cape Point yenyewe, ambapo nchi inaishia kwa ukuta wa mawe, kuna njia ya kupanda kilimani kwa miguu, na kuna kigari cha kuvutwa kwa kamba ya chuma kwa wasioweza. Juu kabisa umesimama mnara mdogo wa chuma, uliopakwa rangi nyeupe. Taa hiyo iliwashwa mara ya kwanza tarehe 1 Mei 1860. Waliochagua mahali walifikiri kama kila mtu afikirivyo: taa ikiwa juu zaidi itaonekana mbali zaidi. Wakaiweka juu ya kilele, kiasi cha meta 240 juu ya maji. Na kweli, usiku ulio safi ilionekana mbali sana.

Walilolisahau ni mawingu. Ukungu wa pwani ile hauko chini sikuzote. Mara nyingi hukaa juu kama kofia, na kilele kikawa ndani yake. Chini baharini palikuwa peupe, nahodha aweza kuona mbele yake, na taa iliyojengwa kwa ajili yake inawaka kwa nguvu zake zote ndani ya wingu, isionekane na mtu. Mlinzi alikuwa macho, mafuta yalikuwapo, vioo vimepanguswa. Hakuna aliyefanya uvivu. Tena kulikuwa na shida ya pili: usiku ulio safi, waliotoka magharibi waliiona mapema mno, wakajiamini, wakaukaribia ukingo kupita kiasi.

Tarehe 18 Aprili 1911, usiku penye ukungu, merikebu ya Wareno iitwayo Lusitania, iliyotoka upande wa Msumbiji, ilipanda mwamba uitwao Bellows, kilometa chache kutoka ncha ile. (Msiichanganye na Lusitania nyingine ya Waingereza, iliyozamishwa vitani 1915.) Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 700, na sehemu kubwa walikuwa Waafrika wa Msumbiji, vibarua. Kwa rehema za Mungu karibu wote waliokoka. Wachache walikufa mashua ilipopinduka katika mawimbi. Siku mbili baadaye merikebu iliteleza kutoka juu ya mwamba ikazama. Kutoka kilimani unaweza kuyaona mawimbi yakipasuka juu ya Bellows katikati ya bahari, pasipo sababu ionekanayo. Nalisimama nikiyatazama kwa muda mrefu.

Baada ya ajali hiyo wakubwa wakakubali. Kabla ya miaka kumi kupita ilikuwapo taa mpya, nayo haikujengwa juu, bali chini, kwenye ncha ya mwisho ya mwamba, mahali pabaya sana pa kujenga, meta 87 tu juu ya maji. Ile ya juu ikazimwa. Hata leo mnara wa zamani umesimama pale watu wote wauonapo, wenye kupigwa picha na kusifiwa. Na ile inayofanya kazi iko chini, wengi hawajui hata kwamba ipo mpaka watembee dakika chache kwenye njia nyembamba na kuchungulia.

Ndugu zangu walimu na wahubiri, mtanisamehe nikisema yaliyonijia pale. Sote twajua Bwana alivyosema habari za taa na pishi, nasi twaogopa pishi. Katika miaka yangu ya kufundisha sikumwona mwalimu mwenzangu hata mmoja aliyefunika taa yake kwa kusudi. Lakini nimewaona wengi walioipandisha. Nimemsikia mhubiri, mtu mwema, akifafanua muda wa saa moja maneno ya Kiyunani, na mbele yake amekaa mama ambaye mumewe ametoweka mjini na watoto wanne nyumbani. Alitoka mlangoni kama alivyoingia. Mhubiri alikuwa anawaka, hilo nashuhudia. Mama alikuwa chini ya wingu. Gharama ya kushuka nayo si ndogo, maana kule juu ulikwisha kuzoea kuonekana.

Saa tisa tulianza kurudi kwa upande wa False Bay. Upepo ulikuwa mgongoni, na motokaa ya Mzee, kwa mara ya kwanza siku ile, ilikwenda kwa furaha.

Kabla ya mji wa Simon's Town kuna ufuo mdogo wenye mawe makubwa ya mviringo, Boulders, na hapo wanakaa pengwini, ndege wasioruka. Wana urefu wa magoti ya mtu, mgongo mweusi na kifua cheupe, nao hulia kama punda. Mwaka 1982 walianza kuzaa hapo jozi mbili tu. Baadaye wakawa maelfu, wakichimba viota katika bustani za watu. Lakini hesabu yao katika Afrika yote ya Kusini na Namibia imeanguka sana, kwa kuwa dagaa walao wamepungua na wavuvi wawavua hao hao, na mwaka 2024 waliandikwa katika daraja la wanyama walio karibu kabisa na kutoweka. Watoto wangekaa pale siku nzima. Nami pia, nikisema kweli.

Karibu na hapo, Seaforth, yapo makaburi ya zamani. Simon's Town ulikuwa kituo cha manowari za Waingereza tangu 1814 hata 1957, na mabaharia wengi wamezikwa humo. Wamo Wakru wa Afrika Magharibi, waliochongewa mawe yenye majina ya mzaha waliyopewa na Wazungu melini. Na wamo wale Waingereza waliowaita Seedies, mabaharia walioandikwa kazi Zanzibari na katika bandari nyingine za upande wetu wa Bahari ya Hindi. Wengi wa watu hao walitumika katika merikebu zilizokamata majahazi ya watumwa. Nalikuwa sikutazamia kukutana na jamaa zetu mbali hivyo.

Sasa habari za Mzee. Mwaka 1967, chini ya serikali ya ubaguzi, Simon's Town ulitangazwa kuwa mji wa Wazungu peke yao. Kiasi cha watu 7,000, Wakristo na Waislamu, ambao wazee wao walikaa hapo vizazi vingi, waliondolewa. Sehemu kubwa walipelekwa Ocean View. Mzee alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alisimamisha motokaa katika njia nyembamba inayopanda kilimani, akanionyesha nyumba yenye veranda. Baba yake alikuwa ameitengeneza veranda ile kwa mikono yake. Kijana mmoja mgeni alitoka akatuamkia kwa adabu, akafikiri twatafuta njia. Mzee akamwitikia, akamwambia kwamba hatujapotea.

Kuna kanisa chini ya njia hiyo, na msikiti haupo mbali. Mzee bado anakuja kusali katika kanisa hilo kila Jumapili, na Waislamu wengi wa Ocean View nao huja Ijumaa kwenye msikiti wao wa zamani. Nalimwuliza, "Mzee, si mbali sana? Huko kwenu hakuna kanisa?"

Akasema, "Lipo, Mwalimu, tena zuri. Mke wangu husali huko."

Ilikuwa imepata saa moja na nusu usiku kwa hesabu yetu, na jua lilikuwa bado juu, kwa maana Januari kule jua huchelewa kuchwa. Wavuvi wa Kalk Bay walikuwa wakiuza samaki mwisho mwisho kwenye gati. Mzee akanunua wawili, mmoja wa nyumbani kwake na mmoja wa kutupa sisi, akakataa fedha yangu. Tukapita Muizenberg, tukauacha upepo nyuma ya mlima, tukaingia Cape Town.